Karatasi mbili za nyumba moja: chuma kinalingana, TIBC moja iko juu na nyingine iko chini

MwalimuMabatini (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Naomba msaada wa kuelewa majibu ya vipimo vya damu ambayo mimi na mama yangu mzazi tulipewa wiki iliyopita hapa Mwanza, kwa sababu tumeyasoma pamoja mezani mpaka tukakaribia kugombana, na kila aliyeyaona baada yetu amekuja na tafsiri yake.

Mimi nina umri wa miaka 34, ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu, wa mwisho akiwa na mwaka mmoja na nusu. Tangu mwezi wa tatu nimekuwa nikichoka kupita kiasi. Nikipanda kile kilima cha mawe kuelekea nyumbani, moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa, ilhali njia hiyo nimeipanda miaka yote bila shida. Mama ana umri wa miaka 61, zamani alikuwa akifanya biashara ya dagaa Kirumba, na kwa miaka mingi anasumbuliwa na baridi yabisi, yaani viungo vya vidole kuvimba na kuuma. Tulipima siku moja, maabara moja.

Majibu yangu: himoglobini 9.6, chuma katika damu 32, TIBC 468 na pembeni imewekwa herufi H, feritini 8. Majibu ya mama: himoglobini 10.4, chuma katika damu 34, TIBC 204 na pembeni imewekwa herufi L, feritini 290.

Niliambiwa kwa maneno kwamba TIBC ni uwezo wa damu kubeba chuma. Mume wangu akasema basi damu yangu ina uwezo mkubwa na mimi ndiye mzima, na anayehitaji vidonge vya kuongeza damu ni mama, kwa kuwa uwezo wake uko chini. Lakini daktari alifanya kinyume kabisa: mimi nikaandikiwa vidonge vya chuma, mama akaambiwa arudi kwenye kliniki yake ya viungo bila kupewa hata kidonge kimoja. Foleni ilikuwa ndefu, sikuthubutu kuuliza zaidi. Mama amekasirika, na shemeji yangu amekwisha mnunulia vidonge dukani. Je, inawezekanaje watu wawili wenye chuma kinachokaribiana hivi wawe na TIBC zinazopishana namna hii, na je, mama anaweza kuvimeza vidonge hivyo?

HadubiniMstaafu (Jumatatu, saa 4:05 usiku)

Marahaba, mwalimu. Nimefanya kazi katika maabara za Kanda ya Ziwa kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, na nakuhakikishia kwamba kosa alilofanya bwana wako hulifanya hata watu waliosoma, kwa sababu jina la kipimo lenyewe linapotosha. Neno "uwezo" kwetu ni neno la sifa. Mtu mwenye uwezo ni mtu aliyejaliwa. Katika kipimo hiki, uwezo maana yake ni nafasi tu, na nafasi inaweza kuwa kubwa kwa sababu ni tupu.

Chuma hakiachwi kitembee peke yake ndani ya damu, kwa kuwa kikiwa huru kinaharibu seli. Ini hutengeneza protini iitwayo transferini ambayo kazi yake ni kukipokea chuma kinapotoka kwenye utumbo au kwenye seli nyekundu zilizozeeka, na kukipeleka kunakohitajika, hasa kwenye uboho wa mifupa ambako seli nyekundu mpya hutengenezwa. Molekuli moja ya transferini hubeba atomu mbili za chuma, basi. Sasa waza mwalo wowote wa ziwa letu. Transferini ni mitumbwi, chuma ni samaki, na feritini, protini inayohifadhi akiba ya chuma mwilini, ni ghala. TIBC haihesabu samaki hata mmoja; inahesabu mitumbwi yote iliyopo ingeweza kubeba samaki kiasi gani kama yote ingejazwa.

Mwili una tabia ambayo mvuvi asingeifanya: ghala likiwa tupu, ini huongeza mitumbwi, kana kwamba linatuma kila chombo kilichopo kikatafute chochote kitakachopatikana. Ndiyo maana TIBC yako imepanda. Ile herufi H haisemi kwamba una chuma kingi. Inasema kwamba mitumbwi ni mingi na inarudi mitupu.

Namna tunavyokipima inasaidia kuelewa. Kwa utaratibu wa zamani, tulikuwa tunachukua ute wa damu, tunautia chuma cha ziada mpaka kila nafasi ya transferini ijae, tunaondoa kile kilichokosa nafasi, kisha tunapima kilichoshikwa. Mashine nyingi za leo hupima nafasi zilizobaki tupu na kuzijumlisha na chuma kilichokuwamo tangu mwanzo, lakini maana ni ile ile.

Kwa hiyo usiisome TIBC peke yake. Gawanya chuma kwa TIBC, kisha zidisha kwa 100. Kwako ni 32 kwa 468, inayokaribia asilimia 7. Kwa mama ni 34 kwa 204, inayokaribia asilimia 17. Kwa mtu mzima mwenye afya, maabara nyingi hutarajia kati ya asilimia 20 na 50, na ikishuka chini ya 16 uboho huanza kukosa chuma cha kutosha kutengenezea seli. Mnaona basi kwamba hata kama kiasi cha chuma kinakaribiana, wewe una mitumbwi mingi iliyo karibu mitupu, na mama ana mitumbwi michache ambayo imepakia zaidi ya maradufu ya yako kwa uwiano. Hali ya mama ina sababu nyingine, ambayo nawaachia madaktari.

Swali dogo: mlipimwa asubuhi kabla ya kula? Chuma katika damu hupanda na kushuka ndani ya siku moja na hubadilika baada ya chakula au kidonge cha chuma, ingawa TIBC yenyewe hutulia zaidi.

MwalimuMabatini (Jumatatu, saa 4:31 usiku)

Ahsante sana, mzee wangu. Ndiyo, tulikwenda saa moja asubuhi bila kula chochote, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ametumia vidonge. Mfano wa mitumbwi nimemsomea mama na ameuelewa kuliko mimi, ila anauliza: kama mitumbwi yake ni michache, nani ameipunguza?

KijanaIgoma (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)

Samahani kwa kuingilia. Na mimi nina karatasi ya TIBC kutoka mahali pengine, na imeandikwa 68. Kama ya mwalimu ni 468 na ya mama yake 204 inaitwa ndogo, mimi si niko mahututi?

HadubiniMstaafu (Jumanne, saa 2:02 asubuhi)

Tulia, kijana wangu. Tazama vizio vilivyoandikwa mbele ya namba. Karatasi za mwalimu zinatumia maikrogramu kwa desilita, na bila shaka yako inatumia mikromoli kwa lita. Zidisha 68 kwa 5.6 utapata kama 380, na kwa maabara nyingi kiwango cha kawaida ni kati ya 250 na 450 hivi, kwa hiyo TIBC yako iko katikati. Kila mtu alinganishe namba yake na kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi yake mwenyewe, kwa sababu mashine hutofautiana. Niliwahi kumwona mtu aliyelia kwenye benchi la maabara kwa sababu ya vizio tu.

MpendaAsili (Jumanne, saa 3:20 asubuhi)

Ndugu zangu, haya mambo ya mitumbwi ni marefu mno. Wote wawili wana upungufu wa damu. Chemsheni rozela, changanyeni na juisi ya bitiruti, mnywe asubuhi na jioni, na damu itajaa ndani ya wiki mbili bila kemikali za kiwandani. Bibi zetu hawakupima TIBC.

MuuguziNansio (Jumanne, saa 10:45 jioni)

Mwadila. Nimefanya kazi ya kliniki ya mama na mtoto Ukerewe kwa muda mrefu, kwa hiyo nianze na ndugu MpendaAsili kwa heshima. Rozela ni kinywaji kizuri na mimi mwenyewe ninakinywa, lakini wekundu wake si chuma, kama ambavyo wekundu wa bitiruti si damu. Mwanamke mwenye feritini 8 ghala lake limekauka. Shirika la Afya Duniani linahesabu mtu mzima kuwa amepungukiwa na akiba ya chuma feritini inapokuwa chini ya 15. Kwa siku, utumbo hufyonza kiasi cha miligramu 1 hadi 2 tu kutoka kwenye chakula, wakati kila mililita moja ya damu inayopotea huondoka na takribani nusu miligramu ya chuma. Fanyeni hesabu wenyewe mwone ghala lililokauka litajazwa na juisi kwa muda gani. Na bibi zetu hawakupima, ni kweli. Wengi wao pia walitutoka wakati wa kujifungua.

Sasa nije kwako, dada mwalimu, kwa sababu jambo ninaloliona halijaulizwa ni hili: chuma chako kimekwenda wapi? TIBC ya juu imekuambia kwamba ghala ni tupu, haikukuambia mwizi ni nani. Vidonge vitajaza, lakini kama mlango wa nyuma uko wazi utarudi pale pale baada ya nusu mwaka.

Huku kwetu kando ya ziwa milango ya nyuma ni mingi. Kuna minyoo ya safura, inayong'ang'ania ukuta wa utumbo mdogo na kunyonya damu kidogo kidogo, mnyoo mmoja si kitu, mia moja ni msiba. Kuna kichocho cha tumbo, ambacho mtu hukipata kwa kukanyaga au kuoga maji ya ziwa yenye konokono wanaokibeba, nacho huweza kutoa damu kwenye choo bila mwenyewe kuiona. Kuna mimba zilizofuatana na kunyonyesha bila kupata nafasi ya kurudisha akiba. Na kuna hedhi, ambayo wanawake wengi huitaja kwa kunong'ona, au hawaitaji kabisa mpaka waulizwe. Kwa hiyo ninakuuliza: hedhi yako inachukua siku ngapi, na baada ya mtoto wa mwisho ulichagua njia gani ya uzazi wa mpango? Ninauliza pia kama unakunywa chai pamoja na chakula, kwa kuwa chai huzuia chuma cha mchicha, matembele na maharage kufyonzwa, wakati ndimu au pera hukisaidia. Na swali la mwisho usilionee aibu: unatafuna mchele mbichi au udongo?

MwalimuMabatini (Jumanne, saa 2:18 usiku)

Dada, hilo swali la mwisho limenifanya nicheke na kuinama. Nina mfuko wa mchele kwenye droo ya meza yangu shuleni, na wanafunzi wanajua. Nilidhani ni tabia mbaya tu iliyobaki tangu ujauzito.

Hedhi inachukua siku saba au nane na ni nzito, zamani zilikuwa nne. Niliwekewa kitanzi miezi mitatu baada ya kujifungua. Chai tunakunywa asubuhi na usiku pamoja na chakula, kama nyumba nyingine zote.

MuuguziNansio (Jumanne, saa 3:02 usiku)

Hamu ya kutafuna mchele, udongo au barafu huonekana sana kwa watu waliopungukiwa na chuma, na mara nyingi huisha yenyewe akiba inaporudi. Kuhusu kitanzi, kile cha shaba hujulikana kwa kuongeza wingi na siku za hedhi kwa baadhi ya wanawake. Usikitoe kwa hasira wala kwa ushauri wangu wa mtandaoni. Rudi kliniki ueleze tofauti ya siku nne na siku nane, nao watakupa njia za kuchagua. Omba pia kipimo cha choo. Niongeze jambo moja kuhusu namba: ujauzito na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni navyo hupandisha TIBC hata kwa mtu ambaye akiba yake ni nzuri, ndiyo maana feritini yako ya 8 ndiyo inayomaliza ubishi.

DaktariKandaYaZiwa (Jumatano, saa 11:30 jioni)

Nimeusoma mjadala wote kwa furaha. Wenzangu wamelijibu vizuri la binti, kwa hiyo nitasema zaidi kuhusu mama, kwa sababu swali lake la nani amepunguza mitumbwi ndilo lililo gumu.

Mwili unapokuwa na uvimbe wa muda mrefu, kama ule wa baridi yabisi, hufikiri kwamba unapambana na vijidudu, na vijidudu vingi huhitaji chuma ili kuzaliana. Basi ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga milango ya ghala pamoja na milango ya utumbo, chuma kikabaki kimefungiwa ndani. Wakati huo huo ini hupunguza utengenezaji wa transferini. Matokeo yake ni yale mnayoyaona kwenye karatasi: chuma kinachotembea ni kidogo, TIBC iko chini, na feritini iko juu. Binti ana ghala tupu; mama ana ghala ambalo angalau linaonekana lina kitu, lakini ufunguo umefichwa. Kumwongezea mama samaki wakati mlango umefungwa hakumsaidii sana, na ndiyo maana mwenzangu alimrudisha kwenye kliniki ya viungo: uvimbe ukitulizwa, mlango hufunguka.

Nimesema "linaonekana" kwa makusudi. Uvimbe wenyewe hupandisha feritini, na huishusha TIBC ambayo ingepaswa kupanda, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mambo mawili kwa pamoja, uvimbe na upungufu halisi, kisha TIBC yake ikasomeka ya kawaida kabisa. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 ulipandisha kizingiti cha feritini hadi 70 kwa watu wazima wenye maambukizi au uvimbe. Mama mwenye 290 yuko mbali na kizingiti hicho, kwa hiyo hapaswi kumeza vidonge vya shemeji kabla daktari wake hajasema. Ningependa pia figo na ini vyake vipimwe kama bado, kwa kuwa magonjwa ya viungo hivyo, pamoja na utapiamlo, huweza kushusha TIBC. Amwambie daktari dawa zote za maumivu anazomeza, hata zile za dukani, maana baadhi yake huchubua tumbo na kuvujisha damu polepole.

Ninasisitiza hili la kutogawana vidonge kwa sababu ya jambo moja la kanda yetu. Hapa selimundu ni nyingi, na mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi huweza kuwa na himoglobini ndogo huku mwili wake ukiwa umejaa chuma kupita kiasi. Kwake TIBC huwa ya kawaida au chini, na mitumbwi imejaa pomoni. Jirani akimwona amepauka na kumpa vidonge vya kuongeza damu kwa upendo, anamwongezea mzigo.

Kwa mwalimu: meza kidonge chako mbali na chai, maziwa na dawa za kupunguza asidi. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kikikusumbua tumbo, muulize daktari wako kama unaweza kumeza siku moja na kuacha moja, kwa kuwa hepsidini hupanda baada ya dozi na kupunguza ufyonzwaji wa dozi inayofuata mapema. Himoglobini ikishafika 12 usiache siku hiyo hiyo. Ghala hujazwa mwisho, na kwa kawaida tunaendelea miezi mitatu zaidi. Vidonge hivi viwekwe mahali mtoto hafiki, maana vichache tu vinaweza kumuua mtoto wa umri wa huyo wako, na rangi yake humvutia kama peremende.

MpendaAsili (Jumatano, saa 1:10 usiku)

Nimekubali kuhusu mama. Kuhusu rozela bado ninaitetea.

MwalimuMabatini (Jumamosi, wiki ya tano, saa 12:20 jioni)

Wakubwa zangu, nimeona ni vibaya kupotea bila kuleta majibu. Nilirudi kliniki. Kipimo cha choo kilionyesha mayai ya kichocho, ambacho sikukitarajia kwa kuwa siogi ziwani, lakini nilipohojiwa nikakumbuka kwamba likizo zote huwa tunakwenda kwa wazazi wa mume wangu kisiwani, na kule maji ya kufulia ni ya ziwani. Mimi, mume wangu na watoto wawili wakubwa tulipewa prazikuanteli baada ya kupimwa uzito. Kitanzi kimetolewa, nimechagua kijiti, na nimeambiwa nihesabu siku za hedhi kwa miezi mitatu.

Himoglobini imepanda kutoka 9.6 hadi 10.9. TIBC haijarudiwa, daktari amesema watairudia pamoja na feritini baada ya kumaliza dozi. Mchele mbichi niliacha kuutamani kwenye wiki ya tatu bila hata kujitahidi, na mfuko uliokuwa kwenye droo niliukuta umeingiliwa na dumuzi.

Mama amebadilishiwa dawa za viungo na figo zake ni nzima. Aligundulika anameza dawa za maumivu za aina mbili kwa wakati mmoja, moja akiifahamu kwa rangi tu. Vile vidonge vya chuma vya shemeji tumevifungia juu ya kabati pamoja na vyangu, na ufunguo anakaa nao mama, kwa madai kwamba yeye ndiye mwenye uzoefu wa maghala yaliyofungwa.